Raundi Kumi na Mbili za Mzee Kinu

Wazo lilizaliwa kwenye chai ya saa nne, na lingekuwa na adabu lingefia hapohapo, kwenye vikombe. Kituo chao cha redio kilikuwa na chumba kimoja cha chai, birika moja, na watu saba wenye uhakika wa kila kitu. Siku hiyo mtangazaji wa michezo, ambaye wote walimwita Domo na ambaye jina hilo alilipokea kama cheo, alichovya mkate kwenye chai yake akauliza, kama mtu anayeuliza saa, "Hivi Kinu wa enzi zile angekutana na Swichi wa leo, nani angelala?"

Chai ilipoa. Dereva alisema Swichi angelala, kwa sababu mabondia wa zamani walipigana raundi kumi na tano na kesho yake wakaenda kazini. Mhasibu alisema angelala Kinu, kwa sababu Swichi ana daktari wake, mpishi wake na mtu wa kumkanda mgongo, na Kinu alikuwa na nini zaidi ya kichwa kigumu? Dada wa mapokezi, ambaye hajawahi kutazama pambano hata moja hadi mwisho, alisema wote wawili wangechoka wakakumbatiana. Hakuna aliyemsikiliza.

Aliyenyamaza ni mmoja tu, fundi wa sauti. Alinyamaza kwa sababu Kinu alikuwa baba yake mzazi, na ni vigumu mtu kubishania kichwa cha baba yake na mhasibu halafu akabaki na heshima.

Jina la Kinu mzee hakupewa na wazazi wake. Alipewa na watu wa viti vya nyuma, baada ya kumwona akitwangwa usiku mzima bila kwenda chini. Alishinda mara nyingi, alishindwa mara kadhaa, mkanda wa ubingwa wa uzani wa unyoya alikaa nao miaka minne mpaka akanyang'anywa kwa pointi, lakini kuanguka hakuwahi. Katika maisha yake yote ya ulingoni goti lake halikugusa sakafu. Nyumbani kwao hiyo ndiyo ilikuwa mali. Wenzake walirithi mashamba; fundi wa sauti alirithi baba asiyeanguka, na tangu shule ya msingi alikuwa akilitaja hilo kabla hajaulizwa jina. Hakuna aliyewahi kumchoka kwa hilo ila mume wake, naye sasa alikuwa mume wa mwingine.

Swichi alikuwa bingwa wa sasa wa uzani uleule, kijana wa bukta za kung'aa, aliyeitwa hivyo kwa sababu akikugusa kidevuni taa zinazimika.

Sasa, meneja wa kituo alikuwa mtu ambaye akisikia watu wanabishana husikia tangazo la biashara. Alikuwa anapita kwenda zake, akasimama mlangoni, akasikiliza, akaondoka bila kusema kitu. Kufikia saa saba mchana mambo yalikuwa yameiva: Jumamosi, saa tisa alasiri, pambano la kufikirika kati ya Kinu na Swichi, raundi kumi na mbili, Domo akitangaza moja kwa moja. Wasikilizaji wapige kura kwa simu wiki nzima, mshindi wamjulie hewani. Mdhamini alikwishapatikana, naye ni muuza magodoro.

"Mzee atafurahi," meneja alimwambia fundi wa sauti.

Naye aliitikia. Aliitikia kwa sababu alikuwa na hakika kwamba mzee hataelewa. Baba yake alikuwa anaishi kwake, yeye na shangazi, dada wa mzee, na makonde ya ujanani yalikuwa yamekuja kudai chao uzeeni. Kumbukumbu ilikuwa inamcheza shere. Kulikuwa na siku alizomjua binti yake na kumwita mwanangu, na siku alizomwita mama kwa heshima zote, kama mgeni anayeomba maji. Siku nyingi alikaa tu dirishani, mikono mapajani, akisubiri kitu ambacho hakukumbuka kuwa hakiji.

Tangazo lilianza kusomwa Jumapili. Lilisomwa asubuhi, mchana na jioni, kwa sauti ya Domo, na Domo akisoma tangazo hata la kupotea kwa mbuzi utadhani vita imetangazwa. "Jumamosi hii, saa tisa kamili, Kinu anapanda ulingoni. Uso kwa uso na Swichi. Nani atabaki amesimama?"

Jumatatu jioni fundi wa sauti aliporudi nyumbani alikuta sahani ya baba imesukumwa kando, haijaguswa, na mwenye sahani amesimama katikati ya sebule akirukaruka juu ya vidole vya miguu.

"Nimezidi kilo mbili," baba alimwambia.

"Hizo kilo mbili ziko wapi, kaka?" shangazi aliuliza kutoka jikoni. "Zingekuwepo ningekuomba moja mimi."

Mzee alikuwa mifupa iliyovaa shati. Lakini alikuwa amenyoa ndevu mwenyewe, bila kujikata, na mgongo wake ulikuwa umenyooka kwa namna ambayo binti yake hakuwa ameiona kwa miaka miwili. Hilo ndilo lililomtia kwenye mtihani. Angemkuta analia angejua la kufanya.

Alimkalisha akamweleza. Alimweleza taratibu, kama anavyowaeleza vijana wapya kituoni kipi ni kipaza sauti na kipi ni waya. Kwamba hakuna pambano. Kwamba ni mchezo wa redio, kama hadithi, Domo atakaa chumbani kwake na kusema tu. Baba alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Na mwaka ule walikuja na maneno hayohayo," alisema. "Eti pambano hakuna, kula ushibe. Wanataka nifike nimezidi uzito."

Jumanne shangazi alijaribu uongo. Alimwambia pambano limeahirishwa, Swichi anaumwa tumbo. Mzee alimsikitikia Swichi kwa dhati, akaomba chai, na kikombe hakijafika mdomoni Domo akanguruma redioni kwamba Jumamosi iko palepale. Shangazi akaficha redio ndani ya kabati la nguo. Haikusaidia kitu, maana mtaa mzima ulikuwa umefungulia kituo hicho, na tangazo liliingia kwa madirisha ya jirani wa kushoto kabla halijaisha kwa jirani wa kulia. Majirani wenyewe nao hawakuwa na msaada. Kila aliyepita alipunga mkono na kusema, "Mzee, Jumamosi tunakuaminia," wakidhani wanamfurahisha. Na kweli walimfurahisha.

Basi wiki ikaenda hivyo. Asubuhi mzee alikimbia kwenye korido, kutoka mlango wa choo hadi mlango wa mbele, kwa mwendo ambao mtoto anayetambaa angempita. Mchana alipiga ngumi hewani. Jioni alikataa chakula. Shangazi alimpikia uji mzito, akauweka kwenye chupa, akamwambia ni dawa ya mabondia imetoka kwa daktari wa chama, haina uzito, na kwa njia hiyo wakampitishia vijiko vichache kwa siku. Muuguzi wa zahanati, alipoulizwa, alisema mzee wa umri ule hakai na njaa wiki nzima akabaki salama, akawaangalia kama wao ndio wanaomnyima.

"Ikipita Jumamosi atakula," fundi wa sauti alimwambia shangazi. "Cha muhimu ipite vizuri."

"Vizuri ndiyo vipi?"

"Asianguke."

Shangazi alikuwa anapembua mchele. "Na akianguka?" aliuliza.

Jibu la swali hilo lilikuwa linamtisha fundi wa sauti. Mtu amesahau mke wake amezikwa wapi, amesahau jina la mtaa anaokaa, lakini ukimuuliza kama amewahi kuanguka anakwambia hapana kabla hujamaliza swali. Kilichobaki ndani ya kichwa kile ni hicho tu. Sasa asikie redioni, na mtaa mzima unasikia naye, kwamba Kinu yuko chini anahesabiwa. Aliogopa kwamba atakachokivunja Swichi hakitaungika tena, na kwamba uji wa chupa hautasaidia kitu.

Ijumaa alimwendea Domo. Domo alikuwa rafiki, alimhurumia kwa moyo mweupe, lakini alisema hayo si yake. "Kura ndiyo bosi, Fundi. Wakisema Kinu, Kinu. Wakisema Swichi, nifanyeje?"

Hapa inabidi ielezwe jinsi wawili hao walivyofanya kazi, maana bila hivyo yaliyofuata hayaeleweki. Domo hakutaka sauti za kompyuta. Alisema ngumi ya kompyuta haina jasho. Kelele za watazamaji ndizo pekee alizoruhusu zitoke kwenye mashine. Mengine yote fundi wa sauti aliyafanya kwa mikono yake. Mto wa kiti cha ngozi ulikuwa mbavu na mashavu. Kipande cha chuma kilichoning'inizwa kilikuwa kengele. Kamba nene iliyofungwa kwenye mguu wa meza, ukiivuta, ililia kama kamba za ulingo zilizobeba mtu. Na kiroba cha mchanga, kikiachiwa kutoka kiunoni hadi sakafuni, kilikuwa bondia anayekwenda chini.

Wote wawili wakiwa ndani ya studio moja, Domo alitangaza amefumba macho, mgongo kwenye kioo cha studio, bila hedifoni. Hakusema kitu ambacho hakuwa amekisikia. Sauti kwanza, neno baadaye. Sheria hiyo waliiweka baada ya kuumbuka: mwaka uliopita, kwenye kipindi cha namna hiihii, Domo alipaza sauti kwamba bondia ameanguka, kiroba kikachelewa, na wasikilizaji wakasikia ukimya mrefu kisha mtu akaanguka mara ya pili. Watu waliwacheka mwezi mzima. Tangu hapo Domo alikuwa anaweza kumyumbisha bondia dakika nzima, lakini kumlaza halazi mpaka kiroba kilie.

Jumamosi, saa nane na nusu, meneja aliingia studio akiwa na karatasi ya kura na uso wa mtu aliyekula vizuri.

"Swichi," alisema. "Wamemjaza kura. Raundi ya tano, nokauti."

"Watu wamepigia kura na raundi pia?" fundi wa sauti aliuliza.

"Raundi nimechagua mimi. Mtu wa magodoro anataka tangazo lake liingie mtu akiwa bado yuko chini." Akalisoma, kwa fahari, maana alilitunga mwenyewe. "Ukianguka, anguka pazuri."

Domo alimtazama fundi wa sauti, kisha akatazama viatu vyake. "Kwa pointi je, bosi?" alijaribu. "Mzee mwenyewe yuko hai. Anasikiliza."

"Tena afurahi, kuna wangapi wanaokumbukwa?" meneja alisema, akatoka, akafunga mlango. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amemwahidi mtu wa magodoro.

Taa nyekundu iliwaka saa tisa kamili. Taa hiyo ikiwaka hakuna anayefungua mlango wa studio, hata nyumba ikiungua. Meneja mwenyewe alikuwa ameandika hivyo kwa kalamu nene na kubandika. Alikaa upande wa pili wa kioo, mikono kifuani, akitabasamu.

Domo alifumba macho. Na ni haki kusema kwamba siku hiyo Domo alitangaza kuliko alivyowahi kutangaza. Alimpandisha Swichi ulingoni na bukta yake ya dhahabu, akampandisha Kinu na bukta nyeusi ya pamba, kijana wa miaka ishirini na sita, shingo fupi, macho yaliyotulia. Fundi wa sauti aligonga kengele. Alipiga ngozi kwa kiganja cha kulia, kavu na haraka, hiyo ndiyo mikono ya Swichi. Alipiga kwa ngumi iliyokunjwa, chini kidogo, nzito, huyo ndiye baba yake. Raundi ya kwanza ilikuwa ya Swichi. Ya pili Kinu aliingia ndani, kifua kwa kifua, akafanya kazi kwenye mbavu, na Domo akasema hii ndiyo kazi ya zamani, mabibi na mabwana, kazi ya mtu anayelipwa akimaliza. Ya tatu hakuna aliyejua ni ya nani. Ya nne Swichi alipata shabaha yake, na kiganja cha fundi wa sauti kikaanza kuwasha.

Raundi ya tano ilipoanza aliinua kiroba akakiweka mapajani, tayari.

"Swichi anakuja," Domo alisema. "Kushoto. Kushoto tena. Kulia, imeingia. Kinu anarudi nyuma, Kinu miguu imekuwa mizito, leo kinu kimepata mchi wake." Fundi wa sauti alipiga, kiganja baada ya kiganja. "Kulia ya juu, hiyo ni kidevuni, hiyo ni kidevuni kabisa, Kinu anayumba, mikono imeshuka, anayumba…"

Nyuma ya kioo meneja alikuwa amesimama. Alikata hewa kwa mkono kutoka juu kwenda chini, kama mtu anayepasua kuni. Domo, macho yamefumba, aliendelea kumyumbisha Kinu, akivuta maneno kama mpira, akingoja mchanga. Kiroba kilikuwa mapajani. Kilo kumi, labda kumi na mbili. Kukiachia kulikuwa ni kufungua vidole tu.

Alikiweka chini polepole, bila sauti, kama anavyolazwa mtoto aliyesinzia. Kisha akanyoosha mkono akavuta kamba.

Kamba ikalia. Uso wa Domo ulishtuka, kidogo tu, kisha ukang'aa. "Kamba! Kamba zimembeba! Kinu yuko kwenye kamba lakini yuko juu ya miguu yake, mabibi na mabwana, bado yuko nasi." Na fundi wa sauti akakunja ngumi akapiga mto, mara moja, chini, kwa nguvu zake zote. "Na amejibu," Domo alisema. Kengele ikagongwa.

Meneja aligonga kioo. Kioo cha studio ni kinene, hakipitishi kitu. Alionekana kama mtu anayepiga ngumi ukuta wa maji. Ya sita ikaanza. Kila Domo alipomkaribisha Kinu sakafuni, fundi wa sauti alimpa kamba, au hatua za miguu, au ngumi ya mbavu, na Domo akapokea na kumsimamisha. Ya saba, ya nane. Meneja alitazama taa nyekundu, akashika mlango, akasoma karatasi yake mwenyewe iliyobandikwa, akarudi kukaa. Ya tisa fundi wa sauti alikuwa ameloa jasho na kiganja kimevimba, na alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu utotoni. Alimwona baba yake. Alimwona kabisa, na shingo ile fupi, haendi chini, hakubali. Alijiambia anafanya hivi kwa ajili ya mzee aliyekaa nyumbani. Kiasi gani kilikuwa kwa ajili ya mzee na kiasi gani kilikuwa kwa ajili ya msichana wa shule ya msingi, hakusimama kupima.

Raundi ya kumi na mbili iliisha wote wawili wakiwa wamesimama. Domo alifumbua macho, akamwona meneja, akaelewa yote kwa mara moja, akatangaza kwamba Swichi ameshinda kwa pointi, tofauti ya uzi, na kwamba Kinu ameondoka ulingoni kama alivyoingia, kwa miguu yake. Tangazo la godoro lilisomwa baada ya hapo, na halikumhusu mtu yeyote.

Simu zililia mpaka waya zikapata moto. Watu walisema hawajasikia pambano kama lile. Hivyo meneja, aliyekuwa amejiandaa kufukuza mtu, alijikuta akipokea pongezi, na alizipokea vizuri sana, ila alimwambia fundi wa sauti kwamba Jumatatu saa mbili waonane. "Saa mbili," alirudia, ili furaha isimdanganye.

Fundi wa sauti alirudi nyumbani anatembea kwa haraka, kiganja amekifunga kitambaa. Jirani wa kushoto alimpungia. Jirani wa kulia alipiga makofi. Alitamani kuona uso wa baba yake kuliko alivyowahi kutamani kitu.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, na hakuwa anatabasamu.

"Sikuweza kumkalisha," shangazi alisema. "Nimejaribu. Redio ameitoa kabatini mwenyewe. Nikataka kuizima, akanishika mkono. Mkono ule bado una nguvu zake. Kila raundi amesimama, kengele ikilia anakaa, ikilia anasimama. Mpaka mwisho, mama. Mpaka mwisho."

Baba alikuwa kwenye kiti cha mbao katikati ya sebule. Alikuwa amejifunga vitambaa mikononi. Shati lilikuwa limegandana na mwili, na magoti yalikuwa yanatetemeka yenyewe, kila moja kwa wakati wake. Fundi wa sauti alipiga magoti mbele yake. Baba alimtazama, na ilikuwa siku ya kumjua.

"Mwanangu," alisema. Sauti ilikuwa imekwisha. "Kwenye kona yangu alikuwa nani?"

"Kona gani, baba?"

"Kona yangu. Raundi ya tano mimi nilikuwa nimemaliza. Miguu haipo. Nikasema sasa nalala, nilale vizuri, watu waende makwao. Nikitafuta pa kulala, kamba. Nikitafuta tena, kengele. Ya sita. Ya saba. Namwangalia mtu wa kona arushe taulo, harushi. Nasema huyu haoni? Huyu hana baba?"

Shangazi aligeukia ukutani.

Fundi wa sauti angeweza kusema ni Domo, au meneja, au hakuna mtu. Alifungua kitambaa cha kwanza kwenye mkono wa baba yake, mzunguko kwa mzunguko, kisha cha pili.

"Nilikuwa mimi, baba."

Mzee alilifikiria hilo. Hakukasirika. Alionekana kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu na kuona kweli ni ghali.

"Na hukuniona nimechoka?"

"Nilitaka usianguke. Hujawahi kuanguka."

"Nilikuwa naogopa watu," baba alisema. Akatazama sebule, kabati, dirisha, dada yake aliyegeuka. "Sasa wako wapi hao watu?"

Fundi wa sauti aliona aibu, na chini ya aibu aliona huzuni safi, kubwa, ya mtu aliyempenda mwenzake kwa bidii wiki nzima bila kumtazama.

"Nilaze," baba alisema.

Walimshika kwapa, yeye na shangazi, wakaanza kumgeuza upande wa chumbani. Alikataa kwa kichwa. "Hapahapa." Wakamshusha sakafuni, kwanza goti moja, kisha jingine, kisha ubavu, kisha mgongo. Alichukua muda kufika. Alipofika alitoa pumzi ndefu, akanyoosha miguu, mikono akaiacha wazi pembeni.

"Hesabu," alimwambia binti yake.

Alihesabu. Alihesabu kama anavyohesabu refa, bila haraka, na baba yake alimfuata kwa midomo. Moja. Mbili. Tatu. Shangazi alikuja akakaa kwenye kiti kilichoachwa wazi. Nne, tano, sita. Saba. Kwenye nane kiwiko cha mzee kilijikunja chenyewe na bega likaanza kuinuka, kwa mazoea, kwa ile miaka yote. Fundi wa sauti aliweka kiganja chake kilichovimba juu ya kifua cha baba yake, akamkandamiza kidogo, akamrudisha chini.

"Tisa," alisema. "Kumi."

"Nimepigwa," alisema baba, amefumba macho, na akaomba chai, na mkate, na yai kama lipo.